Safari ya Kambi Ipangweje?

Bwana Mhariri amenipa kurasa chache katika gazeti letu la shule, nami nawaomba wasomaji, yaani wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu, wanivumilie kidogo. Nataka kusema juu ya safari ya kambi ya Kidato cha Tatu. Nyote mwajua kwamba tangu mwaka jana safari hiyo imesimamishwa, na kwamba katika kikao cha wazazi cha muhula huu baadhi ya wazee wetu walitaka ifutwe kabisa. Mimi niko Kidato cha Nne. Hata ikirudishwa kesho sitakwenda, kwa maana mbele yangu uko mtihani wa Taifa wa mwezi wa Novemba. Basi mtu asidhani kuwa najitafutia matembezi. Nasema kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati iliyoipanga safari ile, na daftari la mipango liliandikwa kwa mkono wangu.

Maoni yangu ni kwamba safari irudishwe, ila isirudishwe kwa mipango ile ya mwaka jana. Sisi tulianza kupanga kwa kuwafikiria wanaojua kuogelea na wanaoweza kulipa, tukadhani wengine watajiunga kadiri watakavyoweza. Ilitupasa kuanza na yule asiyejua kuogelea na yule asiye na fedha. Tungefanya hivyo, naamini leo kusingekuwa na jambo la kubishania.

Kwanza nieleze yaliyotokea, maana habari hii imepita midomo mingi, na kila mdomo umeongeza chumvi yake. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeliwa na mamba, kama nilivyosikia mtu mmoja akisimulia dukani. Tulikwenda siku ya Ijumaa, shule ilipofungwa mwishoni mwa mwezi wa Juni, tukapiga kambi katika kisiwa kimoja kidogo kisicho mbali na mji. Siku mbili zilikuwa za furaha tupu. Tulipanda mawe makubwa yale ambayo mgeni akiyaona hudhani yamepangwa na mikono ya watu, tukatazama jua likizama upande wa magharibi, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Jumapili tulipanga kurudi saa nane mchana. Tulikuwa wanafunzi 41 na walimu wawili, na mtumbwi wa mashine tuliokodi ulikuwa uende mara mbili. Mara ya kwanza tuliingia watu 22, nami nikiwamo. Maboya ya kuvaa yalikuwa sita, ya mwenye mtumbwi. Nani alivaa? Walivaa waliowahi. Tulipotoka kwenye kivuli cha mawe ya kisiwa tulikutana na upepo ambao kule kambini hatukuwa tumeuhisi hata kidogo. Maji yakaanza kuingia kwa ubavuni. Tuliyachota kwa sufuria zetu za ugali na kuyamwaga, lakini yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko yaliyotoka. Mashine ikalowa ikazima. Nahodha akapiga kelele tutupe mizigo, tukatupa mahema na magunia, kisha yeye na kijana wake wakakamata makasia wakaurudisha mtumbwi kisiwani. Mwalimu wetu alikuwa amewashika wavulana wawili kwenye kola za mashati, mmoja kila mkono, na alipofika nchi kavu hakuweza kuzikunjua zile ngumi mpaka baada ya muda.

Tulilala kisiwani bila chakula wala mahema. Wazazi waliokuja kutupokea walisimama mwaloni usiku kucha. Mama yangu alifika kutoka Magu. Tulipovushwa asubuhi hakunigombeza. Alinishika mkono tu, akanishika hivyo hivyo kama mtoto wa chekechea mpaka tulipofika stendi ya basi.

Sasa wazazi wanaosema safari ifutwe nawaelewa, tena nawaheshimu. Ziwa letu si jambo la mchezo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu, na makaburi yao yako hapo Igoma, ambako watu wengi wa mji huu hupita kila siku. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka hatua chache kabla ya kufika gati la Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka redio ya baba haikuzimwa siku tatu. Mzazi aliyesikia habari kama hizo, kisha akaambiwa kuwa mwanawe yuko kwenye mtumbwi wenye maboya sita kwa watu 22, ana haki ya kusema imetosha.

Lakini nauliza, tukiifuta safari, je, tutakuwa tumeacha kuvuka ziwa? Katika shule hii wako wanafunzi wa Ukerewe, wa Kome, wa Maisome na visiwa vingine. Kila shule ikifungwa wao huvuka, na ikifunguliwa huvuka tena, bila mwalimu na bila kamati, katika chombo chochote kilichopo siku hiyo. Sisi wa nchi kavu nasi tutavuka siku moja, kwa msiba au kwa kazi au kwa biashara ya samaki. Karibu nusu ya ziwa hili imo katika nchi yetu, na haiwezekani mtu aishi Mwanza asiguswe nalo. Muhula huu niliuliza bwenini kwetu. Tuko 36, na karibu wote tumekulia mahali ambapo ziwa huonekana ukipanda kilima. Wanaoweza kuogelea hata hatua ishirini ni tisa. Mimi simo katika tisa hao. Wazee husema maji usiyoyafika hujui wingi wake, nasi tumeyafika tangu utoto, tukaoga kandokando na kuteka ndoo, na bado wingi wake hatuujui.

Safari ya kambi, ikipangwa vizuri, ndiyo mahali pa kufundishwa namna ya kukaa katika chombo, kuvaa boya na kulifunga kamba zake zote, kuhesabu watu kabla ya kamba ya chombo kufunguliwa, na kusema "Hapana, sipandi" chombo kikiwa kimejaa. Hilo neno la mwisho ni gumu kuliko yote. Siku ile ya Jumapili niliona kabisa kuwa tumejaa, nikanyamaza, kwa sababu katibu wa kamati akianza kuogopa wengine watasemaje?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, nami naliandika kwa aibu.

Mchango wa safari ulikuwa shilingi 30,000 kwa kila mwanafunzi. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 52. Siku ya mwisho ya kulipa, waliolipa walikuwa 41. Kamati iliamua kwamba majina ya wale 11 yasomwe mstarini asubuhi, ili waone haya walipe. Aliyeyasoma ni mimi. Niliyasoma kwa sauti nzuri, maana nimezoea kusoma matangazo, na watu wengine wakacheka. Jina la nne lilikuwa la mwenzangu ambaye kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Hakulipa. Alisema ana homa, akabaki bwenini mpaka shule ilipofungwa, akaenda kwao Ukara.

Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa angani, mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu. Siku ya mwisho ya kulipa tuliyoipanga sisi iliangukia katikati ya mbalamwezi. Tungengoja siku kumi tu, fedha ingekuwapo. Hili sikulijua, kwa sababu sikumwuliza. Nilimsoma.

Tuliporudi shuleni mwezi wa Julai nilimsimulia yaliyotupata. Alinisikiliza kimya, kisha akauliza:

"Mliondoka kisiwani saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Saa nane! Mwezi wa sita! Ndugu yangu, kwetu saa hizo mitumbwi imekwisha vutwa nchi kavu. Baba angesema mvuke alfajiri, au mlale."

Tulipangua safari nzima kwa kumwacha nyuma mtu mmoja aliyejua. Katika wanafunzi 41 tuliokwenda hatukuwa na hata mmoja aliyekulia kisiwani. Watoto wa wavuvi wote walikuwa katika orodha yangu ya mstarini.

Baadaye nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Jiografia anieleze jambo hilo la upepo, nami nalieleza hapa kwa faida ya kamati ijayo. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Ndipo alasiri upepo hutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu hupoa na upepo huelekea ziwani. Katika majira ya mvua hali hiyo huzaa dhoruba za radi juu ya ziwa wakati wa usiku na mapema asubuhi, ndiyo sababu wavuvi wengi hupatwa gizani. Tangu Juni mpaka Agosti mvua huwa zimekoma, watu wa nchi kavu wakasema hali ni nzuri, na kumbe huo ndio wakati ambao pepo za kusini mashariki huwa na nguvu. Sisi tulitazama anga tukaona ni bluu, tukaandika katika daftari: "Hali ya hewa: safi." Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa ajili ya watumiaji wa Ziwa Victoria, nao husomwa bure kwenye simu ya mwalimu yeyote. Hatukuutazama.

Sasa fedha. Nimelifungua daftari, na hesabu ya shilingi 1,230,000 tulizokusanya ni hii. Mtumbwi tulilipa 180,000. Chakula kilikwenda na 310,000, na kukodi mahema 150,000. Kukodi spika ya muziki kulikuwa 60,000, soda 38,000. Na fulana zenye maandishi ya safari, 12,000 kwa kila moja, zilikuwa 492,000. Maboya, sifuri. Baadaye niliulizia mwaloni, nikaambiwa boya moja hukodishwa kwa 2,000. Tulihitaji 37 zaidi, yaani shilingi 74,000, ambazo ni pungufu ya muziki na soda. Na wale wenzetu 11 wangelipiwa wote kwa fedha ya fulana, na bado zingebaki shilingi 162,000. Fulana yangu ninayo. Ni nzuri, ya rangi ya samawati, lakini sijaivaa tangu siku ile.

Wapo watakaosema kwamba asiyelipa asiende, ndiyo haki, kwani hata nyumbani mtu hula alichovuna. Nawajibu kwa habari ya watu wa mbali. Mwanzilishi wa Skauti, Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, alipiga kambi yake ya kwanza ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, akiwa na wavulana wapatao ishirini. Alichukua wengine kutoka shule za matajiri na wengine kutoka familia za wafanyakazi wa mjini. Wale wa kwanza walilipa pauni moja kila mmoja, ambayo siku hizo ilikuwa shilingi ishirini za Kiingereza. Hawa wa pili walilipa shilingi tatu na nusu. Wakala sufuria moja, wakalala mahema yale yale. Ikiwa Waingereza wa mwaka 1907, waliokuwa na matabaka kama ngazi za ghorofa, waliweza kufanya hivyo kisiwani, sisi wa shule ya Serikali inayochukua watoto wa kila namna twashindwaje?

Tena kwetu lipo jambo jepesi kuliko pauni na shilingi. Mtu aleta alicho nacho. Usukumani kila nyumba yenye shamba la viazi ina michembe na matobolwa kwa ajili ya kiangazi. Matobolwa yamekwisha chemshwa kabla ya kuanikwa, hivyo yaweza kuliwa kisiwani bila hata kijiti cha moto. Laiti tungekuwa nayo mfukoni usiku ule wa njaa! Mwingine alete unga wa muhogo, mwingine maharage, mwingine karanga. Mtoto wa mvuvi alete debe la dagaa, ambalo kwa baba yake hupatikana kwa urahisi kuliko noti tatu za elfu kumi. Mhasibu wa kamati aviandike vitu hivyo katika daftari kwa bei ya sokoni, na mwenye kuleta ahesabiwe kuwa amelipa. Wala majina ya wadeni yasisomwe tena mstarini, kwa safari hii wala kwa mchango mwingine wowote. Hilo naliomba kwa walimu wetu kwa heshima zote.

Kuhusu mahali pa kwenda, nimesikia mengi mabwenini. Wako wanaotaka Kilimanjaro, kwa kuwa ndio mlima na una mita 5,895. Nawapa pole, nauli na ada zake zitarudisha orodha ya mstarini, tena ndefu zaidi. Wako wanaosema twende Rubondo tukaone sokwe waliopelekwa huko miaka ya 1960. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na ni jambo la fahari, ila gharama ni kubwa na maji ya kuvuka ni mengi. Wengine wanasema sasa kwa kuwa daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, tuvuke ghuba kwa basi, tusiguse maji kabisa. Hao wamenichekesha kidogo, maana daraja lenye urefu wa kilometa tatu ni msaada mkubwa kwa mgonjwa anayekwenda hospitali, lakini halimfundishi mtu ziwa. Kisiwa cha Saanane kiko karibu mno na mjini. Kinafaa kwa siku moja, na Kidato cha Kwanza wapelekwe huko.

Mimi napendekeza Ukerewe, tena kwa njia ya barabara: Magu, Bunda, Kibara mpaka Kisorya, halafu kivuko cha kwenda Rugezi. Najua njia hii ni ndefu na dizeli ya basi itaongezeka kuliko tungepanda meli hapa Mwanza kwenda Nansio. Lakini meli ile hukaa majini saa tatu na zaidi, na hapo Kisorya maji ya kuvuka ni machache. Mwanafunzi anayeogopa ataanza kujifunza kwa maji anayoweza kuyaona ng'ambo yake. Kivuko kikiwa kimejaa, tungoje kinachofuata. Hilo liandikwe katika ratiba kabisa, lisiachwe kwa ujasiri wa mtu. Na kama kutakuwa na mtumbwi wowote wa kukodi, uwe umesajiliwa na kukaguliwa, na kila mtu avae boya kabla ya kupanda, walimu wakiwa wa kwanza kuvaa.

Ukerewe kuna vilima vya kupanda, na ukiwa juu waona maji pande zote. Speke aliliona ziwa hili mara ya kwanza mwaka 1858 akiwa juu ya kilima upande huu wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji waliokuwa wakilivuka kwa makasia tangu zamani nadhani walishangaa kuona mtu amelitazama tu akaondoka. Ukerewe pia ndiko alikoishi Mzee Aniceti Kitereza, aliyeandika kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza mwaka 1945, kikakosa wa kukichapa kwa miaka mingi, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na toleo lake la Tanzania Publishing House lina mwaka 1980. Mwandishi akafariki mwaka 1981. Kitabu hicho kimo katika maktaba yetu, na kadi yake yaonyesha kuwa kimeazimwa mara mbili tu. Mara ya pili ni mimi. Mtu akikisoma huku amekaa kwenye kijiji cha kisiwa kile, akaona mashamba na mitumbwi, atakuwa amesoma somo la Kiswahili na la Historia kwa pamoja.

Ukara ningependa sana, kwani wataalamu wa kilimo wameandika juu ya wakulima wake tangu miaka ya 1930, jinsi walivyofuga ng'ombe nyumbani ili wapate samadi na kuilisha ardhi ndogo yenye watu wengi. Lakini Ukara yahitaji kuvuka mara ya pili, na kwa mwaka wa kwanza baada ya yale yaliyotupata nasema hapana. Mwenzangu wa kitanda cha juu hakufurahi niliposoma aya hii mbele yake. Ameniambia niandike kwamba yeye anapinga, nami nimeandika.

Kambi yenyewe isipigwe porini. Wakati wa likizo madarasa ya shule za vijijini huwa matupu. Aandikiwe mapema mwalimu mkuu wa huko na ofisi ya kijiji, tuombe uwanja wa mahema na darasa moja la kukimbilia mvua ikija. Sisi kwa malipo tuwafagilie, tuwapakie rangi ukuta mmoja au tuwachimbie shimo la taka. Mgeni anayefanya kazi hupendwa kuliko mgeni mwenye spika.

Na juu ya kuoga. Hapa nitawaudhi wengi. Wengine wamesema dawa ya kutojua kuogelea ni kuwafundisha watu kuogelea kambini. Ningalipenda iwe hivyo, lakini kandokando ya ziwa, hasa penye majani na maji yaliyotulia, wako konokono wenye vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo havihitaji kumezwa. Hupenya ngozi ya mtu aliyekanyaga maji, na kichocho cha tumbo huharibu ini polepole pasipo mtu kujua. Visiwani ugonjwa huu ni mwingi, wala si siri, ndiyo sababu dawa zake hugawiwa mashuleni. Basi kwa sasa hatuna mahali salama pa kujifunzia, na mpaka papatikane, boya ndilo kuogelea kwetu. Maji ya kunywa yachemshwe na ya kuoga yapashwe moto, au yatoke kisimani. Vyandarua vihesabiwe kama mahema yanavyohesabiwa. Na pale wenyeji watakapotuambia kuna kiboko au mamba, tusibishane nao kwa kuwa tumesoma Biolojia.

Kamati ijayo iwe na watu wachache. Ningependa awepo mmoja aliyekulia kisiwani, mmoja asiyejua kuogelea, na mmoja ambaye bado hajalipa chochote. Hao watatu wakikubali mpango, wengine wote watakuwa wamekwisha fikiriwa. Mwenyekiti achaguliwe na darasa, katibu awe mtu anayeweza kusema "sipandi." Mpango wao usomwe mbele ya wazazi kabla senti moja haijakusanywa, na mzazi yeyote aruhusiwe kuuliza: maboya mangapi? watu wangapi? saa ngapi mnavuka? Wakishindwa kumjibu, safari isiende mwaka huo.

Daftari la mwaka jana ninalo bado. Mwalimu wa michezo aliniambia nilitupe, lakini nimelihifadhi chini ya godoro, lenye hesabu zote na ratiba, na ule ukurasa wa majina 11 nimeuacha kama ulivyo. Kamati mpya ikilihitaji, waje kulichukua bwenini jioni yoyote baada ya maandalio, ila waje kabla ya Novemba. Mwenzangu wa Ukara amekubali kukaa nao siku hiyo awaeleze siku za mwezi.